Yai la Makina

Nilimdanganya Haboba asubuhi hiyo, na nilimdanganya vizuri. Nilimwambia nina bibi harusi wa kupaka hina huko Kawangware, familia kubwa, mashangazi wengi, nitachelewa kurudi. Maskini nyanya yangu akaniombea dua. Akanipaka viganjani yale mafuta yake ya karafuu kama anavyofanya kila nikienda kazi, akaniambia niangalie mkoba wangu pale steji. Nikatoka Makina, mtaa wetu wa Kibera, na aibu kidogo na furaha nyingi, na ndani ya mkoba, nimeyafunga kwa leso, kulikuwa na mayai meupe niliyoyatoa chini ya kuku wake yeye mwenyewe.

Bibi harusi hakuwako. Bibi harusi nilitaka niwe mimi, na ndiyo maana nilikuwa naenda kwa mama yake Farouk kufundishwa kuandika mayai, yaani kuyapamba kwa nta na rangi.

Farouk alikuwa ananingoja nje ya kibanda chake cha kutengeneza redio pale Riruta Satellite, ubavuni mwa Kawangware, bisibisi bado iko mkononi. Nikimwona huyu kijana huwa nasahau nilichokuwa nataka kusema. Ni mrefu, ana nywele za kujikunja ambazo hazijui kitana, na macho yake ni ya rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Tulikutana harusini, mimi nikipaka mikono ya bibi harusi, yeye ameitwa kufufua spika iliyokufa katikati ya ngoma. Alitengeneza spika huku ananiangalia mimi, akapigwa na stima, na bado akaendelea kuniangalia. Kuanzia hapo sikuwa na dawa.

"Niaje, fundi wa hina," alisema.

"Poa, fundi wa redio. Mama ako?"

"Ako. Lakini ameamka vibaya." Alichukua mkoba wangu, vidole vyake vikapita juu ya vyangu taratibu kuliko ilivyohitajika. "Ruwe, skiza. Jana nimeongea na mjomba. Amesema wazee wako tayari kuja kwenu Ijumaa. Ila hawatatoka bila mathe. Amesema yeye hawezi kupeleka posa ya kijana ambaye mama yake yuko hai na amekataa kuja."

"Na mama amesemaje?"

"Alisema Makina hakanyagi tena maisha yake. Nikamsumbua mpaka akachoka. Mwisho akaniambia, basi hilo somo lake liwe mtihani, huyo msichana aandike yai moja mbele yangu. Nikiona mkono wake nitajua kama nitaenda."

"Na asipopenda mkono wangu?"

Farouk alizungusha bisibisi kidoleni. Nikaona kwamba hata yeye aliogopa. Basi nikanyoosha buibui yangu, nikasema bismillahi, nikamfuata.

Sasa nieleze kwa nini mwanamke mzima aape kutokanyaga Makina. Mama Farouk ni Mzungu wa Ukraine. Marehemu mzee Abdelrahim, baba yake Farouk, alikuwa jirani yetu Kibera, kijana wa Kinubi aliyefiwa na mama mapema akala chungu kimoja na watoto wa Haboba Sitelbanat. Alienda kusoma Ukraine na akarudi na mke. Haboba ndiye aliyempokea bibi harusi huyo, akatandika mkeka, akaalika mtaa mzima. Na hapo kwenye mkeka, mbele ya mtaa mzima, Mzungu akampa Haboba yai la kuchemsha lililopakwa rangi. Hivyo ndivyo Haboba anavyosimulia. Haboba kwa heshima zake akaligonga kwenye ukingo wa sahani ale, na yai likawa bichi. Tena bichi la zamani. Likamwagika juu ya gurbaba yake mpya, ile nguo ya kujifunga ambayo mwanamke wa Kinubi huitoa kwa siku kubwa tu, na harufu ikajaa nyumba. Watu wakacheka. Haboba anasema hajawahi kuchekwa hivyo kabla wala baada. Mzungu akalia, akatoka mbio, na Abdelrahim akahamia Kawangware na mke wake. Hata kwenye mazishi ya mzee Abdelrahim wale wanawake wawili hawakusalimiana.

Nimesikia hadithi hiyo nikiwa nanyonya. Na sasa mimi, mjukuu wa Sitelbanat, niko mlangoni kwa Mzungu mwenyewe na mayai mkobani.

"Assalamu alaikum, Mama."

"Waalaikum salaam. Toa viatu. Wewe Farouk, mpe mkoba wake ubaki nje."

"Mathe, si hata nimletee kiti—"

"Nje."

Nilitarajia mwanamke mkubwa. Alikuwa mfupi, mwembamba, kitambaa cha maua kichwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kawangware kabisa, ila herufi ya "r" ilizunguka kidogo mdomoni kabla ya kutoka. Ukutani alikuwa na rafu yenye trei za mayai, na mayai yenyewe, jamani, nilisahau adabu zangu. Mekundu, meusi, ya manjano, yenye picha za ngano na kulungu na samaki na mistari myembamba kama uzi. Majirani humwita Mama Mayai, na hapo nikajua sababu.

"Onyesha mikono," akasema.

Nikainyoosha. Alishika kiganja changu, akakigeuza, akainama kidogo. Kisha uso wake ukakunjamana.

"Karafuu," alisema. "Hii harufu naijua. Bado anapika mafuta yake?"

"Bado, Mama."

"Kaa chini."

Akawasha mshumaa. Akanipa kijiti chenye kikombe kidogo cha shaba mwishoni, kikombe chenyewe kina tundu dogo kuliko la sindano. Farouk ndiye aliyekitengeneza kutoka kwa plagi ya redio mbovu, na nikashika hicho kijiti nikijua mikono yake ilikishika kwanza, ikanipa nguvu.

"Pasha moto hapa. Chota nta. Rudisha kwa moto iyeyuke. Halafu andika juu ya yai, bichi, halijachemshwa. Sisi kwetu hatusemi kuchora. Tunasema kuandika."

"Niandike nini?"

"Chochote. Nataka kuona mkono."

Kama kuna kitu najivunia duniani ni mkono wangu. Nimepaka mabibi harusi kutoka Laini Saba mpaka Eastleigh, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Kwa hivyo nilitoa yai moja kwenye leso yangu nikaliandika ua kama naandika kwenye kiganja cha bibi harusi, majani yamejikunja, matone madogo pembeni. Nta ilitoka nyeusi kwa moshi wa mshumaa, laini, inateleza. Ilikuwa kama hina, lakini ya moto. Nikatabasamu peke yangu. Dirishani nikamwona Farouk amejificha nusu nyuma ya pazia, na yeye anatabasamu.

Mama Farouk akalitumbukiza yai kwenye mkebe wa rangi nyekundu yenye siki. Tukangoja rangi ishike. Alipolitoa, alilisogeza ubavuni mwa moto, nta ikayeyuka, akaifuta kwa tishu.

Nikataka kulia. Ua langu lilikuwa jeupe pee, na yai lote lililobaki lilikuwa jekundu. Tena pembeni kulikuwa na doa kubwa la duara, limekataa rangi kabisa.

"Ulitaka ua jekundu," alisema Mama Farouk.

"Ndiyo. Kwa hina, pale unapoweka ndipo rangi inaposhika."

"Hapa ni kinyume. Nta inalinda. Ukitaka kitu kibaki cheupe, kifunike kikiwa cheupe. Ukitaka kibaki cha manjano, ngoja yai liwe la manjano ndipo ukifunike. Mpaka mwisho yai linakuwa jeusi tii, huoni kitu, na lazima ukumbuke umeficha nini wapi." Akanionyesha lile doa. "Na hiki ni kidole gumba chako. Mafuta ya bibi yako. Rangi haipiti. Nenda unawe kwa sabuni, unawe tena."

Alilisukuma yai pembeni ya meza. Mkono mrefu ukaingia dirishani ukalichukua.

"Farouk, hilo limeharibika," alisema mama yake.

"Najua. Lina kidole cha Ruwe," akajibu, na akalitia mfukoni mwa shati kama mtu aliyepewa zawadi ya Idi. Mashavu yangu yakawaka. Mama Farouk alimwangalia mtoto wake, kisha akaniangalia mimi.

Niliporudi kutoka kunawa, alikuwa ameweka yai la pili mbele yangu.

"Hili ndilo la mwisho," alisema. "Fikiria kwanza."

Nilifikiria. Sikuwa na woga tena. Nilikuwa nimeelewa. Nyeupe kwanza, kisha manjano, kisha nyekundu, kisha nyeusi, na kila hatua unaficha kile unachokipenda. Nilitaka kujaribu sasa hivi. Na mkono wangu ulipogusa yai, haukutaka maua ya harusi tena. Ulitaka kitu cha nyumbani.

Kwetu sebuleni, juu ya kochi la Haboba, kuna tabaga. Tabaga ni ile sinia ya ukindu ya kufunikia chakula, na wanawake wa Kinubi huzisuka kwa rangi nyingi. Haboba amesuka nyingi akaziuza, lakini hiyo moja haiuzi, haigusi mtu ila yeye, na huipangusa vumbi mwenyewe. Nimekula chini yake tangu niote meno. Nikaandika nilichokiona hapo: nyota kubwa yenye ncha nane, ukanda wa ngazi kuizunguka, pembetatu ndogo ndogo juu na chini. Nyeupe. Nikalitia kwenye manjano. Nikafunika. Nikalitia kwenye nyekundu, nikafunika tena. Shingo iliniuma na sikujali. Mwisho nikalizamisha kwenye mkebe wa rangi nyeusi.

"Hiyo nyeusi ni ile ya unga ya soko la Toi," nilisema, maana harufu yake naijua. "Haboba hutia ukindu wake rangi hiyo hiyo."

"Najua. Tulikuwa tunakutana pale kwa muuzaji. Yeye anaangalia huku, mimi naangalia kule." Akavuta kiti akakaa, na mara hii sauti yake ilikuwa ya chini. "Alikuambia nini kuhusu mimi?"

Nikamweleza. Sikupunguza kitu. Yai la kuchemsha, gurbaba mpya, harufu, watu kucheka.

"La kuchemsha," akarudia. "Nani alisema ni la kuchemsha? Mimi wakati huo sikujua Kiswahili. Nilijua 'asante' na 'karibu', basi. Msichana, kwetu yai la namna hii haliliwi. Linawekwa nyumbani mpaka linakauka ndani, linakaa miaka. Mama yangu aliliandika lile. Aliniambia, mpe mama yake mumeo. Nikamwambia mama yake alikufa. Akasema, basi mpe yule aliyemlea. Nikalibeba mapajani safari yote, kwa ndege, nisilipasue. Nikampa bibi yako. Na yeye akaligonga kwa sahani kama mayai boilo ya barabarani."

"Hakujua, Mama."

"Leo najua hakujua. Nimeishi Kawangware, najua mtu akipewa yai hapa anauliza chumvi iko wapi. Lakini siku ile niliona mwanamke amechukua kazi ya mama yangu akaivunja mbele ya watu, na wote wakacheka. Na mama yangu alifariki kabla sijarudi kumwona. Hakuniachia yai lingine. Hayo yote kwenye rafu ni mkono wangu. Wa kwake sina hata moja."

Nilimwonea huruma, na wakati huo huo nikaona Ijumaa yetu inayeyuka. Mtu anaposimulia hivyo hajasamehe. Nje, Farouk alikuwa ameacha kujificha. Alisimama dirishani waziwazi, na nilijua kutoka usoni mwake kwamba hadithi hiyo hakuwahi kuisikia.

"Toa yai lako," alisema mama yake.

Nikalitoa. Lilikuwa baya kweli, tonge jeusi la nta na masizi, ungeweza kulitupa ukidhani limeungua. Nikalisogeza ubavuni mwa moto kama nilivyoona. Nta ikaanza kung'aa, ikateleza. Nikafuta kwa tishu, na ncha ya kwanza ya nyota ikatokea, nyeupe safi, na manjano yake pembeni. Nikafuta tena. Nyekundu. Ngazi. Pembetatu. Kila nikifuta kitu kinazaliwa, na nilikuwa nacheka kwa sauti kama mtoto, nimesahau nilikuwa mahali gani na nafanyiwa mtihani na nani.

"Mama, angalia. Angalia, imetoka!"

Mama Farouk alikuwa amesimama. Kiti chake kilikuwa kimeanguka nyuma yake na hakukiokota.

"Hii umeitoa wapi?"

"Mama?"

"Nakuuliza, nani alikuonyesha hii? Farouk, ni wewe? Mnanichezea?"

"Mathe, mimi hata hiyo sijawahi kuiona."

"Mwale mmoja ni mfupi." Kidole chake kiligusa yai langu. "Huu wa chini. Kwa nini umeuandika mfupi?"

Niliangalia. Ulikuwa mfupi kweli, nusu ya wenzake. Nilikuwa nimeuandika hivyo bila kuwaza, kwa sababu ndivyo ulivyo.

"Ni wa tabaga ya Haboba," nilisema. "Iko ukutani kwetu. Nilimwuliza nikiwa mdogo kwa nini nyota hii ina mguu mfupi, akaniambia alivyoikuta ndivyo alivyoisuka, nisimsumbue."

"Aliikuta wapi?"

Hapo ndipo na mimi nilipoelewa. Nilitoa simu. Napiga picha za hina zangu mbele ya ile tabaga kila wiki, kwa sababu inapendeza. Nikatafuta moja ambayo nyota inaonekana yote, nikampa.

Aliishika kwa mikono miwili. Akaikuza, akaisogeza, akaikuza tena. Nyota ya ncha nane, ngazi, pembetatu, na ule mwale mfupi.

"Mama yangu aliacha mmoja mfupi kila mara," alisema polepole. "Nilikuwa namsumbua, mama, umekosea. Anasema, nimeacha ili nipate sababu ya kuandika lingine." Machozi yalimshuka na hakuyafuta. "Nilitoka mbio siku ile. Sikuangalia nyuma. Maganda yalibaki kwenye mkeka."

"Aliyaokota," nikasema. Na mimi nilikuwa nalia sasa, sijui nilianza saa ngapi. "Lazima aliyaokota, Mama. Akayaunganisha akasuka. Na haiuzi. Watu wamemwomba, wageni wamemwomba, anakataa. Kuna mwaka paa lilivuja, akaacha vitu vyote vinanyeshewa, akakimbilia hiyo."

"Na hakunitumia hata neno."

"Haboba wangu? Yule hawezi kusema pole hata akikukanyaga kidole. Lakini kila mgeni akija kwetu, anaishusha ukutani mwenyewe afunikie chakula."

Mama Farouk akacheka. Kilikuwa kicheko kilichochanganyika na kilio, na kilimtoka kwa nguvu mpaka akaketi kitandani. Farouk aliingia ndani bila kuruhusiwa, akapiga magoti mbele ya mama yake akamshika mikono. Kisha akageuka akaniangalia mimi. Nimeangaliwa na Farouk mara nyingi, lakini hivyo hajawahi. Nilitamani kumshika, na kwa kuwa mama alikuwa hapo nilishika kona ya meza.

"Mathe," alisema, "Ijumaa je?"

"Ijumaa gani? Wazee waje Ijumaa yao. Mimi naenda leo." Akasimama, akaanza kufungua kabati. "Nataka kuona mkono wa mama yangu leo. Farouk, funga kibanda. Vaa shati lenye kola."

Furaha ilinipanda, na papo hapo nikakumbuka kitu, ikashuka.

"Mama, leo haiwezekani. Haboba hajui niko hapa. Nilimwambia naenda kwa bibi harusi Kawangware."

Aligeuka akanitazama, kuanzia leso ya kichwani mpaka miguu yangu isiyo na viatu. Akanishika kidevu kwa vidole vyake vyenye rangi nyekundu.

"Basi hukumdanganya," alisema. "Bibi harusi si ndiye huyu?"

Farouk alipiga kelele ya furaha ambayo naamini ilisikika mpaka Kawangware sokoni. Mimi nilifunika uso kwa mikono yote miwili, rangi na nta na siki, sikujali.

Mama Farouk alikuwa ameshaingia jikoni. Nilisikia maji yakimwagwa kwenye sufuria na gesi ikiwashwa. Aliporudi alichukua yai jeupe lililobaki kwenye leso yangu, lile la kuku wa Haboba, akalipima mkononi.

"Unafanya nini, Mama?" nikamwuliza.

"Nachemsha. Hilo lako la nyota nitalificha mkobani. Hili nampa kwanza, mlangoni, mbele ya majirani wote. Alivunje, ale, ashibe. Akimaliza ndipo nimpe lingine." Akaliteremsha ndani ya maji taratibu. "Wewe, usisimame hapo. Funga chumvi kidogo kwa karatasi."

"Na kachumbari?" Farouk akauliza akivaa shati.

"Na kachumbari," alisema mama yake.

Nikachukua kisu, nikaanza kukata kitunguu.